Viporo kwenye mti wa porti: namna ya kuisafisha /usr/ports ya FreeBSD bila kuharibu mashine

Wiki ilopita usiku, isha ishapita, nikapigiwa simu na kijana mmoja wa Wete, Pemba, anaeangalia seva ndogo ya FreeBSD (mfumo endeshi wa mashine) ya chumba cha kompyuta cha skuli. "Asalaam alaykum maalim, samahani kwa saa hizi, mashine imenigomea, nshapiga make clean mara tatu na kosa ni lile lile." Nikaitikia salamu nikamwambia haya, nisomee hilo kosa kama lilivyo, usiruke neno. Akasoma: "1 out of 1 hunks failed--saving rejects to", halafu jina la faili. Nikamwambia ingia folda ya `files` ndani ya hiyo hiyo porti (folda ya maelekezo ya kujenga programu moja), piga `ls -l`, nambie tarehe tu. Kimya kidogo, nasikia kibodi. "Maalim, pachi nne za mwaka huu. Moja ya 2019."

Pachi ni faili dogo la kurekebisha msimbo wa programu kabla haijajengwa, na hiyo moja ndo kiporo. Chakula cha jana kilobaki chunguni halafu leo umepika kipya ukamimina juu yake, chote kinachacha. Na kumbe ndo alivofanya, mti mpya wa porti alipelekewa kwenye fleshi kutoka Mjini Unguja, akaufungua kwa `tar` (komandi ya kufunga na kufungua furushi la mafaili) juu ya ule wa zamani, akajua kashaapdeti. Sasa `tar` inaongeza mafaili na inaandika juu ya yalokuwepo, lakini haifuti kitu, faili ambalo kwenye mti mpya lishaondolewa litabaki pale pale linakungoja. Nimeona niandike yote haya sehemu moja maana swali hili naulizwa sana, na kila mara mtu kashapoteza siku mbili tatu na bando lake analaumu programu isiyo na kosa lolote.

Kwanza tuelewane kwa nini faili moja tu la zamani linaleta balaa. Mti wa porti, ule unokaa `/usr/ports`, ulianza 1994 na leo una porti zaidi ya elfu 30, na kila porti ni folda yenye mafaili machache: `Makefile` inayosema programu ipatikane wapi na ijengwe vipi, `distinfo` yenye alama za SHA256 na ukubwa wa faili la kudaunlodi, `pkg-plist` au orodha ya vitakavyoinstoliwa, na folda ya `files` yenye pachi. Utaratibu wa ujenzi hausomi orodha ya pachi popote, unaingia `files` na kupachika kila kilichoanza na jina `patch-`, chochote itakachokikuta. Wenye programu wakishalirekebisha tatizo kwenye toleo jipya, msimamizi wa porti anaifuta ile pachi kwa sababu haina kazi tena. Ikibaki kwako, mashine inajaribu kurekebisha mstari ambao haupo, inashindwa, inasimama. Na wakati mwengine inasema "Ignoring previously applied (or reversed) patch", hapo ujue karibu hakika una pachi ilokwisha muda wake. Mafaili yanoishia na `.orig` na `.rej` yanarukwa yenyewe, hayo yasikutie hofu.

Kwa hiyo `make clean` mara tatu, mara kumi, haisaidii kitu. `make clean` inafuta folda ya `work` tu, na kiporo hakiko huko.

Hatua ya 1: simama, weka kumbukumbu

Usifute chochote bado. Najua mkono unawasha, lakini ukianza na `rm` unapoteza ushahidi wa kilichotokea na kesho utarudi hapa hapa. Ingia kama root (yuza mkuu wa mashine) halafu anza na

`script /root/usafi.txt`

Komandi hii inaandika kila unachokiona kwenye skrini mpaka upige `exit`, na mtu akikuuliza baadae ulipata kosa gani, una maneno yenyewe. Na kama mashine yako iko kwenye ZFS (aina ya mfumo wa mafaili), piga snapshoti (picha ya hali ya mafaili) kabla hujagusa:

`zfs snapshot zroot/usr/ports@kabla`

Kwenye mashine iloinstoliwa ZFS kwa njia ya kawaida, `/usr/ports` ina dataseti (sehemu ya ZFS) yake peke yake kwa jina hilo, ila hakikisha kwa `zfs list` maana wengine waliipa diski jina jengine. Ukikosea unarudi ulipotoka.

Hatua ya 2: jua mti wako uliletwa na nani

Hapa ndo penye kiini cha mambo yote, na watu wengi wanaparuka. Mti huu umepitia mikono tofauti, yaani zana za kutunza mabadiliko ya mafaili: zamani CVS, kutoka 2012 Subversion, kutoka 2021 Git. Pembeni kulikuwa na portsnap, zana ya kuvuta mti wa porti, ambayo wengi tuliipenda kwa sababu ilikula data kidogo, lakini imeondolewa kuanzia FreeBSD 14.0 ya Novemba 2023. Kila mmoja kati ya hawa anajua kufuta kile alichokileta mwenyewe tu. Ukianza na portsnap halafu ukaendelea na kitu chengine juu yake, yule mpya hana habari na mafaili ya yule wa zamani, anayaona kama ya mwenye nyumba, anayaacha.

Piga

`ls -a /usr/ports`

Ukiona `.git`, ni mti wa Git. Ukiona `.svn`, umebaki 2021, na hata ukiapdeti vipi hakuna jipya litakalokuja kwa njia hiyo. Ukiona `.portsnap.INDEX`, ni wa portsnap. Ukiona viwili kwa pamoja, au huoni hata kimoja kama yule kijana wa Wete, usihangaike kutafuta kiporo kimoja kimoja, nenda moja kwa moja hatua ya 6, mti huo haupimiki tena na utamaliza siku nzima.

Hatua ya 3: hakikisha mti wenyewe haujalala

Wakati mwengine hakuna faili lilobaki, mti mzima ndo kiporo. Mtu anapiga `git pull`, inamjibu "Already up to date.", anaridhika. Lakini alipoklon mwanzo (alipovuta nakala ya mti mzima) aliandika `-b 2023Q4`, yaani tawi la robo ya nne ya 2023. Matawi haya ya robo mwaka yanatoka Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na robo ikishapita tawi la zamani haliletewi kitu tena. Kwa hiyo git haisemi uongo, tawi lake kweli halina jipya, ila dunia ishaondoka.

`git -C /usr/ports branch`
`git -C /usr/ports log -1 --format=%cd`

Ya kwanza inakwambia uko tawi gani, ya pili tarehe ya badiliko la mwisho. Ikiwa tarehe ina miezi, jibu unalo. Kuhamia tawi jengine, tuseme 2025Q1 (weka la robo unayotaka wewe), kama uliklon kwa `--depth 1` git yako inalijua tawi moja tu, inabidi uitambulishe:

`git -C /usr/ports remote set-branches --add origin 2025Q1`
`git -C /usr/ports fetch --depth 1 origin 2025Q1`
`git -C /usr/ports switch 2025Q1`

Jengine la kuangalia hapa ni paketi, programu zilokwisha kujengwa, unazovuta kwa `pkg`. Kama `pkg` yako inasoma quarterly (robo mwaka) na mti wako ni `main` (tawi kuu), ukachanganya vilivyojengwa na vilivyodaunlodiwa, utapata matatizo yanayofanana kabisa na ya viporo na utasafisha weee bila kuona kitu. Chagua kimoja. Mie kwa seva za maskuli na maofisi nashauri robo mwaka pande zote mbili, `main` waachie wanojenga kila siku.

Hatua ya 4: muulize git anaona nini

`git -C /usr/ports status --short`

Mti safi haukujibu kitu kabisa. Ukipata mistari, soma herufi mbili za mwanzo. `M` ni faili lilobadilishwa kwako, `D` ni faili lilotakiwa liwepo na halipo, na `??` ni faili ambalo git halijui limetoka wapi. Viporo vyako ni hivo vya `??`, hasa vyenye njia kama `kundi/porti/files/patch-kitu`.

Ile `M` usiifute kwa haraka. Kuna siku ulibadilisha `Makefile` kwa makusudi, pengine uliongeza kitu ili programu ikubali printa ya ofisini, na ushasahau. Tizama kwanza, kisha weka pembeni:

`git -C /usr/ports diff > /root/mabadiliko-yangu.diff`

Ukishajiridhisha:

`git -C /usr/ports restore .`

Hii inarudisha `M` na `D` zote kama zilivyo kwenye tawi.

Sasa `??`. Lazima uanze na herufi `n`, jaribio bila kufuta:

`git -C /usr/ports clean -nd`

Itakuorodheshea "Would remove" hiki na hiki. Isome yote, hata ikiwa ndefu, chukua chai kaa nayo. Ukiona porti uliyoiandika mwenyewe imo, ihamishe nje ya mti, mfano `/root/porti-zangu`, halafu ndo upige ya kweli:

`git -C /usr/ports clean -fd -e distfiles`

Hiyo `-e distfiles` inalinda folda ya mafaili ulodaunlodi, na kwa sie tunaonunua data kwa bando hilo si jambo dogo, mafaili ya programu kubwa ukiyafuta utayavuta upya yote. Na usiongeze `-x` kwa sababu umeona mtu kaiongeza, `-x` inafuta hata vile git iliambiwa ivipuuze.

Kuna makosa mengine matatu yatakayokukuta hapa nayasema kwa haraka. Ukiambiwa "The following untracked working tree files would be overwritten by merge", ni viporo hivo hivo, mti mpya unataka kuleta faili kwenye jina lenye kiporo, fanya usafi wa juu halafu pull tena. Ukiambiwa "detected dubious ownership", mti ni wa yuza mmoja na wewe unaapdeti kama mwengine, git imekuwa mkali kwa hilo tangu 2022, na dawa nzuri ni `chown -R root:wheel /usr/ports` uwe unaapdeti kama root siku zote. Na ukiambiwa kuna `index.lock`, hilo lina maelezo yake.

Hatua ya 5: umeme ulipokatika katikati

Kisiwani hapa hakuna asiyelijua hili. Walokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka kiza cha miezi mitatu, na ingawa siku hizi mambo si kama yale, kukatika kwa dakika kumi kunatosha kuharibu `git pull` iliokuwa katikati.

Git inapofanya kazi inaweka faili `/usr/ports/.git/index.lock` ili mwengine asiingie. Umeme ukikatika linabaki. Hakikisha kwanza hakuna git inayoendelea kweli:

`pgrep -l git`

Kama kimya, futa hilo faili la kufuli tu, si folda ya `.git`:

`rm /usr/ports/.git/index.lock`

Halafu rudi hatua ya 4, piga `status`, maana pull ilokatika nusu inaacha mafaili mapya yamechanganyika na ya zamani na utaona `M` na `D` na `??` nyingi kwa pamoja. `restore` na `clean` zinamaliza.

Ila ukiona "object file ... is empty" au "loose object ... is corrupt", diski haikuwahi kuandika na ghala la git lenyewe limeharibika. Watu wanahangaika na `git fsck` usiku kucha. Hili si ghala la kazi zako, ni nakala ya kitu kipo kwingine kizima, vuta nyengine na umalize.

Hatua ya 6: kuanza upya bila kupoteza

Hii ndo ya mti usio na mwenyewe. Kama git haipo kwenye mashine, haiji na FreeBSD yenyewe, piga `pkg install git-lite`. Okoa distfiles kwanza:

`mv /usr/ports/distfiles /var/distfiles`

Kisha usifute mti wa zamani, ubadilishe jina:

`mv /usr/ports /usr/ports.zamani`

Ikikwambia "Device busy" ni ile dataseti ya ZFS, mlango haubebeki ila vilivyomo ndani vinabebeka, tengeneza `/usr/ports.zamani` kwa `mkdir` uhamishe vilivyomo, na vile vinavyoanza na nukta navyo usivisahau, maana git ikikuta hata kimoja itasema "already exists and is not an empty directory" na kukataa. Halafu:

`git clone --depth 1 https://git.FreeBSD.org/ports.git /usr/ports`

Kwa tawi la robo ongeza `-b` na jina la robo iliyopo, mfano `-b 2025Q1`. `--depth 1` inaleta hali ya leo bila historia yote ya tangu 1994, na tofauti ya data ni kubwa sana.

Lakini elewa kwamba `git clone` ikikatika haiendelei ilipoishia, inaanza mwanzo. Kwa aliye na intaneti ya kusuasua huu ni msiba. Njia tunayotumia sie ni hii: klon mti kwenye mashine moja yenye laini nzuri Mjini, usijenge kitu ndani yake, ufunge pamoja na `.git` yake:

`tar -C /usr -cf /mnt/ports.tar --exclude ports/distfiles ports`

Fleshi ikapanda boti bandari ya Malindi, Unguja, ikashuka Mkoani, Pemba, na kule inafunguliwa kwenye nafasi TUPU:

`tar -C /usr -xf /mnt/ports.tar`
`git -C /usr/ports pull --ff-only`

Pull hiyo inavuta tofauti ya siku chache tu. Sasa angalia, ni njia ile ile alotumia kijana wetu, fleshi na tar, tofauti ni mbili: mti wa zamani uondoke kwanza, na `.git` ije pamoja. Yeye alopeleka aliiacha `.git` ili faili liwe dogo, kwa hiyo kule Wete hakukuwa na wa kuulizwa kipi cha leo na kipi cha zamani.

Ukitaka kujua mti wa zamani ulikuwa na viporo gani, kabla hujautupa:

`diff -rq /usr/ports /usr/ports.zamani | grep '^Only in /usr/ports.zamani'`

Inachukua muda. Nampigisha kila mwanafunzi wangu komandi hii mara moja katika maisha yake, kwa sababu ukishaiona orodha ile inavoteremka skrini baada ya skrini hutachanganya tena. Kumbuka tu kwamba kama ulihama tawi, sehemu ya tofauti hizo ni za tawi na si uchafu.

Hatua ya 7: folda za work, hashi na machaguo

Mti ushakuwa safi, bado kuna vitu vinavyokaa pembeni.

Folda ya `work` ndani ya porti ina mafaili ya alama, `.extract_done`, `.patch_done` na wenzake, yanoiambia mashine hatua gani ishafanyika. Ukiapdeti mti huku `work` ya toleo la nyuma ipo, mashine inaona alama inasema "nshafungua", haifungui toleo jipya, halafu inatafuta folda ambayo haipo. Hapa ndo `make clean` ina kazi yake. Kusafisha zote kwa mpigo:

`find /usr/ports -mindepth 3 -maxdepth 3 -type d -name 'work*' -prune -exec rm -rf {} +`

Ile nyota ni kwa sababu porti zenye ladha tofauti (porti moja inayojengwa kwa namna kadhaa), kama za Python, zinaita folda zao `work-py311` na mfano wake. Na hiyo `-mindepth 3` usiitoe, bila ya hiyo utaifuta na porti ambayo jina lake lenyewe linaanza na work.

Hashi ikigoma, "SHA256 Checksum mismatch", mara nyingi ni faili lilodaunlodiwa nusu au la toleo la zamani lenye jina lile lile. Ingia kwenye porti, `make distclean`, halafu `make fetch`. Ikigoma tena, litizame faili lenyewe:

`head -c 200 /usr/ports/distfiles/jina-la-faili`

Nshaona faili la `.tar.gz` ambalo ndani limeanza na `<!DOCTYPE html`. Mashine ilikuwa kwenye wifi inayotaka ujaze namba kwanza kabla ya kukupa intaneti, ikadaunlodi ukurasa wa kuingilia badala ya programu. Tafadhali, nakuomba kwa dhati, usipige `make makesum` ili kosa liondoke. Komandi hiyo inaandika upya alama ziendane na faili ulilonalo, yaani umemuondoa mlinzi mlangoni kwa sababu kamzuia mtu asiyemjua, na kesho faili hilo likiwa limechezewa na mtu hutakuwa na njia ya kujua.

Machaguo uliyoweka siku za nyuma yanakaa `/var/db/ports`, na porti ikibadilisha majina ya machaguo yake yanaweza kukuvuruga. `make rmconfig` kisha `make config`, basi.

Hatua ya 8: porti mizimu

Porti ikifutwa au kuhamishiwa kundi jengine, git inaondoa mafaili yake, lakini kama ndani mlibaki `work` yako folda inabaki wima. Unaingia, unapiga `make`, hakuna `Makefile`. Zitafute:

`for d in /usr/ports/*/*/; do [ -f "$d/Makefile" ] || echo "$d"; done`

Zitatoka na folda za `Mk`, `Templates`, `Tools` na `distfiles`, hizo ziache, ni za mti wenyewe. Zilobaki ni mizimu. Kabla hujafuta, angalia kahamia wapi:

`grep '^kundi/porti|' /usr/ports/MOVED`

Jibu linakuja kwa vipande vilivyotengwa na mstari wima: jina la zamani, jina jipya, tarehe, sababu. Kipande cha pili kikiwa tupu, porti imekufa, na itabidi utafute mbadala.

Hatua ya 9: soma, linganisha, ndo ujenge

Fungua `/usr/ports/UPDATING` usome kutoka juu mpaka ufike tarehe ulioapdeti mara ya mwisho. Mambo ambayo mtu analia nayo siku tatu yameandikwa mle na komandi zake. Halafu faili la INDEX, linaitwa `INDEX-14` kwa FreeBSD 14, halimo ndani ya git kwa hiyo pull haiapdeti hilo, linabaki la zamani huku mti ni mpya. Kama unalitumia, ingia `/usr/ports` upige `make fetchindex` ikiwa uko `main`. Alie kwenye robo ajenge lake kwa `make index`, taratibu lakini linalingana na mti. Kama huna hakika, usilitegemee kabisa:

`pkg version -P -vL=`

`-P` inasoma mti wenyewe badala ya INDEX. Polepole, lakini haina kiporo.

Mwisho angalia upande wa vilivyoinstoliwa. `pkg check -da` inatafuta utegemezi ulokosekana, `pkg check -sa` inalinganisha mafaili na alama zake. Ukipata "Shared object ... not found, required by", programu imejengwa na maktaba ya zamani, ijenge upya, usitengeneze kiungo cha jina la zamani kwenda maktaba mpya, kinafanya kazi leo kinaanguka siku ya mitihani. Na kama uliwahi kutumia portmaster au portupgrade (zana za kuapdeti porti), tizama `/usr/local/lib/compat/pkg`, maktaba kuukuu huhifadhiwa humo na hakuna anaezikumbuka.

Ili mti usichafuke tena, weka mistari miwili kwenye `/etc/make.conf`:

`WRKDIRPREFIX=/var/tmp/porti`
`DISTDIR=/var/distfiles`

Sasa ujenzi wote na mafaili yote yanakaa nje, ndani ya `/usr/ports` hamna chako hata kimoja, na chochote `git status` itakachokitaja kimeingia bila ruhusa. Kijana wa Wete nilimpa mistari hiyo usiku ule ule, fleshi yenye `.git` ilimfika keshokutwa yake kwa boti, akaifungua kwenye folda tupu, akapiga `git status --short`, na akanitumia picha ya skrini isiyo na kitu.